Kurudi Mbioni

Kasi ya miguu ni mali isiyowekwa akiba. Fedha hufungiwa sandukuni, nafaka hutiwa ghalani, na elimu hukaa kichwani hata mwenyewe akiisahau kwa muda. Lakini kasi haina sanduku wala ghala. Leo ipo kwa sababu jana ilitumiwa, na kesho itakuwapo kama leo itatumiwa. Mwenye kuipumzisha huirudia akakuta imekwenda zake, wala haikuaga. Jambo hili hujulikana na kila mtu aliyepata kukimbia kwa bidii kisha akaacha, na kila mmoja hulisahau, akalijua upya siku ya kurudi, kama mtu asomaye barua ile ile mara ya pili akashtuka mahali pale pale.

Mtu mmoja wa Dar es Salaam alilijua upya asubuhi moja ya mwezi wa Januari, mwaka 2023. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, umri wake miaka 44, na makao yake Changanyikeni, nyuma ya kilima cha Chuo Kikuu. Kwa miaka 11 desturi yake ilikuwa kuamka saa kumi na moja alfajiri, kufunga viatu gizani ili asiwaamshe watoto, na kukimbia kilomita 10 katika barabara za Mlimani, akiteremka na kupanda tena mpaka jua litoke. Siku njema kilomita hizo zilimgharimu dakika 42. Hakuwa bingwa. Hakupata kikombe wala nishani. Katika mashindano ya barabarani, wale wakimbiao kwa ajili ya riziki walikuwa wamekwisha kuoga na kuvaa nguo kavu yeye alipofika. Walakini dakika 42 zile zilikuwa zake. Hakuzirithi, hakupewa na mkubwa wa kazi, wala hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya. Ndivyo alivyodhani.

Asubuhi ile alitoka kwa nia ya kukimbia nusu ya njia tu, maana alijiona mtu mwenye busara. Kilomita ya kwanza aliimaliza kwa dakika 6 kasoro kidogo, akadhani saa yake imeharibika. Joto la kaskazi lilikuwa limelala juu ya lami tangu usiku, na shati lilimganda mgongoni kabla hajafika mbali. Kabla ya kumaliza kilomita ya tatu, katika mpando ambao zamani aliupanda huku akizungumza, alisimama akaweka mikono magotini. Tumbili waliokuwa juu ya ukuta walimtazama bila haya. Mwanafunzi mmoja alikuja mbio nyuma yake, akapunguza mwendo kwa adabu, akasema, "Shikamoo, Mzee. U mzima lakini?" Naye akajibu, "Marahaba, mwanangu, ni mzima." Neno lililomchoma halikuwa lile swali. Lilikuwa lile jina. Mwaka uliotangulia vijana wa njia ile walikuwa wakimwita Kocha.

Baina ya Kocha na Mzee palikuwa na miezi saba. Baba yake, mkulima wa kabichi na viazi katika milima ya Usambara, juu ya mji wa Lushoto, aliteleza shambani mwezi wa Mei 2022 akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka 79. Mwalimu ndiye mwana mume pekee, na dada zake wawili wameolewa mbali. Basi aliomba likizo bila malipo, akamwachia mkewe nyumba na watoto, akapanda basi. Alitumaini kukaa mwezi mmoja, akakaa saba, mpaka Desemba alipomzika.

Viatu vya mbio alikwenda navyo. Aliviweka chini ya kitanda cha baba, maana chumba kilikuwa kimoja na mahali pengine hapakuwapo. Alivivaa mara mbili tu. Mara ya pili alirudi akamkuta mgonjwa akiita kwa sauti iliyokwisha kukauka, kikombe cha maji kikiwa kimewekwa mbali na mkono wake kiasi cha shubiri moja. Baada ya siku ile viatu havikutoka chini ya kitanda.

Lakini hesabu haikukoma. Usiku, akimsikiliza baba akihema, alijikuta anajua pasipo kuulizwa kwamba hilo ni juma la tatu bila mbio, kisha la tisa, kisha la kumi na saba. Mtu yule yule aliyeomba katika kila sala kwamba baba yake aongezewe umri alikuwa akihesabu gharama ya umri huo kwa miguu yake mwenyewe. Aliichukia hesabu hiyo, wala hakuweza kuizuia. Yamkini kila amwuguzaye mtu wake huwa na hesabu ya siri ya namna hii. Mmoja huhesabu mshahara, mwingine usingizi, mwingine masomo aliyoyaacha. Na wote hunyamaza, kwa kuwa hesabu hizi zikitamkwa hufanana mno na kumtakia mgonjwa mwisho.

Tena mgonjwa mwenyewe hakuwa mpenzi wa mbio. Kila likizo, alipomwona mwanawe akitoka na kaptura alfajiri, alimwuliza, "Mwanangu, unafukuzwa na nani?" Swali hilo lilikuwa la mzaha. Lawama yake ya kweli ilikuwa nyingine. Mwana huyo alipokimbia katika njia za kijiji aliwapita wazee kwa kuinua mkono tu, asisimame, kwa kuogopa kuiharibu saa. Huko kwao salamu haimalizwi kwa mkono. Huulizwa usiku umepitaje, huulizwa watoto, huulizwa shamba na mvua, na mwenye kuuliza hungoja jibu. "Umempita mzee mwenzangu kama aupitaye mgomba," baba alimwambia mara moja, na siku hiyo hakucheka.

Turudi Januari. Mwalimu yule, kwa kuwa kazi yake ni ya ramani na vipimo, alitaka kujua amepoteza nini hasa, na kwa nini. Habari zipo kwa mwenye kuzitafuta. Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani, Edward Coyle na wenzake, walitangaza matokeo ya kuwachunguza watu 7 waliozoea mazoezi magumu, ambao waliacha kabisa kwa siku 84 ili wapimwe. Katika siku 21 za kwanza uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipungua sehemu 7 katika 100. Ilipofika siku ya 56 ulikuwa umepungua sehemu 16, na hapo ukatulia.

Upotevu huo hauanzii miguuni, ingawa miguu ndiyo hulaumiwa. Mtu azoeaye kukimbia huwa na damu nyingi kuliko mkaaji, na wingi huo ni wa maji ya damu zaidi ya kitu kingine. Akipumzika, mwili huona hauna haja tena ya mzigo ule, ukaupunguza katika siku chache. Damu ikipungua, moyo haujai kama zamani, na kila pigo husukuma kidogo. Basi ili kazi ile ile ifanyike sharti mapigo yawe mengi. Ndiyo sababu mtu hurudi mbioni akahisi moyo unagonga kooni katika mwendo ambao zamani ulikuwa mwendo wa mazungumzo. Baadaye ndipo nyama za miguu nazo hulegea, zikapoteza vile viwanda vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyochoma chakula kwa oksijeni na kutoa nguvu. Lakini limo na neno la faraja katika uchunguzi ule. Hata baada ya siku 84 watu wale 7 walibaki juu ya wenzao wasiopata kufanya mazoezi, na mishipa midogo kabisa ya damu, iliyokuwa imechimbwa ndani ya nyama zao kwa miaka, haikufukiwa.

Tena kilichotangulia kuondoka ndicho kitanguliacho kurudi. Maji ya damu huongezeka mara mtu aanzapo tena kutoka jasho, hasa penye joto, na kazi hiyo huonekana katika juma moja au mawili. Joto lile la Dar es Salaam lililomdhalilisha Mwalimu siku ya kwanza likawa mtumishi wake. Juma la pili alimaliza kilomita 5 bila kusimama. Juma la nne alimaliza 10. Mwishoni mwa Februari alikimbia kilomita 10 kwa dakika 49, akarudi nyumbani akiimba, akamwambia mkewe kwamba kufika Idi atakuwa amezipata dakika 42 zake. Alisema "kuzipata" kama asemavyo mtu aliyekopesha.

Katika siku hizo alipenda kuzisoma habari za mashujaa waliorudi. Abebe Bikila wa Ethiopia alipasuliwa kidole tumbo mwezi wa Septemba 1964, na tarehe 21 Oktoba ya mwaka huo huo alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Tokyo kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akawa mtu wa kwanza kuzishinda mbio hizo mara mbili. Joan Benoit wa Marekani alipasuliwa goti tarehe 25 Aprili 1984, akashinda mchujo wa nchi yake baada ya siku 17, na mwezi wa Agosti akashinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki, mjini Los Angeles. Hadithi hizi ni za kweli, nazo zimevunja miguu mingi. Mwenye kuzitazama vizuri ataona kwamba ni habari za majuma, si za miezi. Tena ni za watu walioingia hospitali wakiwa na mazoezi ya miaka mizima mwilini. Bikila huyo huyo, miaka minne baada ya Tokyo, aliingia mbioni huko Mexico na mguu mgonjwa, akatoka kabla ya nusu ya njia. Sehemu hiyo ya habari watu hawaibandiki ukutani.

Mapema mwezi wa Machi Mwalimu alihisi maumivu katika muundi wa mguu wa kushoto, mahali padogo kama sarafu. Siku ya kwanza aliyaita uchovu. Siku ya pili aliyaita viatu. Siku ya nne, aliposhindwa kushuka ngazi za shule bila kushika ukuta, aliyaita kwa jina lake, akaenda kwa daktari. Daktari alipabonyeza kwa kidole gumba mara moja tu, akamtazama usoni, akasema, "Mwalimu, mfupa huu umechoka. Majuma sita usikimbie. Kutembea, tembea."

Hapa ndipo penye mtego wa kurudi mbioni, na ni watu wachache wanaoujua kabla ya kunaswa. Moyo na damu hurudi kwa majuma, lakini kano na mifupa hurudi kwa miezi. Anayeongozwa na pumzi yake peke yake ataiamini pumzi hiyo, nayo itampeleka mahali ambapo mifupa yake haijafika. Mfupa ukipewa mzigo mpya haujengwi papo hapo. Kwanza hubomolewa: chembe za kazi hiyo hula sehemu iliyochakaa, ndipo chembe nyingine huja kuweka mfupa mpya, na shughuli yote huchukua miezi mitatu au zaidi. Katikati upo wakati ambao ukuta wa kale umekwisha kutolewa na mpya haujakauka. Fundi wa nyumba za udongo hahitaji kuelezwa hatari ya wakati huo. Mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika habari za askari waliovimba na kuumwa nyayo kwa safari ndefu za miguu. Hakuwa na njia ya kuutazama mfupa, kwa maana eksirei haikugunduliwa mpaka mwaka 1895, lakini watu aliowaona walikuwa wale wale: wenye nguvu, watiifu, walioongezewa mwendo kuliko mifupa yao ilivyoweza kufuata. Tofauti ni kwamba wao waliamrishwa, na Mwalimu alijiamrisha.

Ramadhani ikaingia katika majuma hayo ya kukaa. Mchana alifunga na kufundisha; usiku, baada ya tarawehe, alisoma, kwa kuwa usingizi ulikuwa mgumu na kutembea kilomita mbili hakukumchosha. Katika kusoma huko alikutana na habari moja iliyomfanya afunge kitabu.

Mwaka 1966, katika mji wa Dallas huko Marekani, wataalamu waliwachukua vijana 5 wenye afya, wa umri wa miaka 20, wakawalaza kitandani siku 20, kisha wakawafanyisha mazoezi kwa majuma manane. Siku 20 za kulala ziliwaondolea zaidi ya robo ya uwezo wao wa kutumia oksijeni. Walipoanza mazoezi waliupata tena na kuuzidi, ila wawili waliozoea mazoezi tangu zamani walichelewa kufika mahali pao kuliko watatu ambao hawakuzoea, kwa kuwa aliyeshuka kutoka juu ana njia ndefu ya kupanda. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, wanaume wale wale 5 walipimwa tena. Walikuwa na miaka 50, wamenenepa, wana kazi na familia. Ikaonekana kwamba miaka 30 yote haikumwondolea hata mmoja wao uwezo mwingi kama siku 20 za kitandani zilivyomwondolea. Wakafanya mazoezi ya pole kwa miezi sita, wakarudi pale walipokuwa mwaka 1966 kabla ya kulazwa. Kile kilele walichokifikia ujanani baada ya mazoezi makali hawakukifikia.

Mtu mwingine angeisoma habari hii kwa ajili ya mguu wake, akafurahi. Mwalimu alimsoma baba yake.

Daktari aliyetia chuma katika nyonga ya mzee alikuwa amesema wazi: mgonjwa asimamishwe mapema, akae kitini, atembezwe kila siku hata akilalamika. Siku za mwanzo mwana alifanya hivyo, akamshika kwapani, hatua tano, hatua kumi. Lakini mzee aliumia na kuugua, na wageni waliokuja kumjulia hali walimhurumia. Shangazi akasema, "Mwache baba yako apumzike, mwanangu. Miaka sitini amelima. Hana haki ya kulala?" Na ni nani awezaye kumshinda shangazi katika jambo la huruma? Basi kitanda kikawa heshima. Kila aliyeingia alimsogezea mto, na kila aliyetoka alimwambia asijisumbue kuinuka. Mwezi wa Agosti mzee alikuwa akifika mlangoni kwa fimbo. Mwezi wa Oktoba hakuweza kuketi bila kushikwa.

Kama vijana wa miaka 20 walipungukiwa na robo kwa siku 20, mzee wa miaka 79 alipungukiwa na kiasi gani kwa siku mia moja? Jedwali la jibu hilo halimo kitabuni. Yamkini angalikufa vile vile, maana nyonga ikivunjika katika umri ule huwaua hata wanaotembezwa, na mwana aliyelia usiku ule anastahili kuambiwa hivyo. Lakini jambo moja halikufutika kwa faraja yoyote. Miezi saba alikuwa amehesabu kasi yake ikipotea chini ya kitanda, na juu ya kitanda hicho hicho nguvu za mtu mwingine zilikuwa zikipotea kwa kanuni ile ile, siku kwa siku, naye hakuzihesabu.

Idi ilipita mwishoni mwa Aprili. Mwalimu alianza tena, na safari hii alianza kwa namna ambayo Januari angaliiona fedheha. Alikimbia dakika moja akatembea mbili, mara kumi, katika uwanja wa nyasi, na hayo yakawa ndiyo mazoezi ya siku. Kesho yake alipumzika. Saa aliiacha juu ya meza majuma manane. Kazi ilikuwa ngumu kuliko kukimbia mbio, kwa sababu mwili una kumbukumbu ya mwendo wake wa kale, na mguu ukitua chini huudai mwendo ule. Mtu aliyepata kukimbia kilomita kwa dakika 4 na sekunde 12 hajui kukimbia kwa dakika 7. Hupepesuka kama mpanda baiskeli aendaye polepole mno. Ilimlazimu kujifunza kukimbia pole, kama mtoto ajifunzavyo kusema.

Majuma yakaongezwa kidogo kidogo: dakika moja ikawa tatu, tatu zikawa nane, matembezi yakafupishwa mpaka yakaisha. Watu wengi hufikiri kwamba hapo, pumzi ikiwa imekwisha kujengwa, kasi hutafutwa kwa kukimbia njia nzima kwa nguvu zote huku saa ikitazamwa. Kasi haipatikani hivyo kwa urahisi. Sehemu yake moja ni pumzi, lakini sehemu nyingine ni ufundi: mishipa ya fahamu huamrisha nyama, na amri isiyotolewa kwa muda mrefu hutolewa kwa kusitasita. Ufundi huu hurudishwa kwa vipande vifupi, vya mita 80 au 100, mwili ukiwa mbichi, na pumziko kamili baina ya kipande na kipande, mtu akiacha kabla hajachoka. Hurudishwa pia kwa kupanda kilima, kwa kuwa mlimani mguu hufanya kazi kubwa na kutua kwa kishindo kidogo. Gösta Holmér, kocha wa Sweden katika miaka ya 1930, aliwafundisha watu wake kuchanganya kasi na pole msituni kwa kufuata hisia zao, mara mpaka mti ule, mara mpaka kilele kile, bila kipimo cha uwanjani. Watoto wote wa Kiafrika waliopata kutumwa dukani wanaijua elimu hiyo, ila hawakuipa jina.

Kipupwe kilipokuja, Juni na Julai, upepo wa kusi ulipoza asubuhi, na Mwalimu akaona anakimbia vizuri kuliko alivyostahili. Alikwisha kujua kiasi gani cha sifa hiyo ni cha upepo. Siku moja yule mwanafunzi wa Januari alimkuta njiani, wakakimbia pamoja mpaka penye njia panda. Kijana alikuwa ameulizauliza habari zake. "Mwalimu, wanasema zamani ulikuwa na kasi sana. Ulikuwa unakimbia kwa dakika ngapi?" Mwalimu akamwuliza, "Zamani ipi?" Kijana akacheka, akidhani ni mzaha, nao wakaachana.

Mwezi wa Oktoba alipima kilomita 10 kwa mara ya kwanza tangu Februari. Zilimchukua dakika 46. Kwa mtu wa miaka 45 aliyeacha miezi saba na kuvunja mguu wake mwenyewe kwa haraka, ni hesabu nzuri. Na katika kuiandika daftarini alihisi uchungu mdogo, kwa maana dakika 4 zilizobaki ndizo zilizo ngumu kuliko zote zilizopatikana, na huenda baadhi yake zimekwenda na umri, si na pumziko. Dakika hizo hazina alama ya kuonyesha ipi ni ya umri na ipi ni ya kitanda cha Lushoto.

Desemba 2023 ulitimia mwaka, na ukoo ulikusanyika kijijini kwa hitima. Alikwenda na mkewe na watoto, na viatu alivichukua. Alfajiri ya siku ya pili, ukungu ukiwa bado mabondeni, alitoka kwa njia ya juu iendayo msikitini, akaianzisha saa yake. Mpando wa kule ni mkali na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, lakini pumzi ilimwitikia. Kwenye kona ya pili, mbele ya nyumba yenye ua wa mivinje, alimwona mzee mmoja wa rika la baba yake ameketi juu ya gogo, ameegemea fimbo.

Alisimama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Akajibu kwamba ameamka salama. Akaulizwa usiku wa mama watoto, akaulizwa watoto mmoja mmoja kwa majina, akaulizwa joto la Dar es Salaam na kama maji yanapatikana. Naye akauliza miguu ya mzee inaendeleaje, akaambiwa, akauliza viazi, akaambiwa kwa urefu. Jasho likamkauka mwilini, baridi ikamwingia. Akamwuliza kama huwa anainuka na kutembea kila siku. Mzee akasema watoto wake humwambia asijisumbue. "Inuka basi twende kidogo," Mwalimu akasema, akamshika kwapani, wakaenda mpaka kwenye mgomba wa kwanza, wakarudi, wakaenda tena mpaka wa pili.

Alipoaga, mzee alikataa asiondoke mikono mitupu. Akamwita mjukuu, na mjukuu akaleta kabichi kubwa yenye umande. Hakuna mtu awezaye kukimbia mteremko wa Usambara na kabichi ya namna ile. Mwalimu aliikumbatia kwa mikono miwili, akashuka nayo taratibu mpaka nyumbani, akaitua jikoni mbele ya shangazi. Ndipo alipotazama mkono wake akaona kwamba hakuisimamisha saa. Ilikuwa imeandika kilomita 3, kwa saa 1 na dakika 20.